Walimpigia Goti Mwingine, Nami Nimelala Nyuma Yao

Wenzangu wote walikuwa wamepiga goti, vichwa vimeinama, kwa heshima ya majeruhi.

Majeruhi huyo si mimi.

Mimi nilikuwa nyuma ya migongo yao, nimelala juu ya njia ya mbio inayouzunguka uwanja, mkono wangu wa kulia umepinda mahali ambapo mkono wa binadamu haupindi. Niliita mara mbili... Hakuna aliyegeuka.

Nisikilizeni, ndugu wasomaji, kisha mwamue wenyewe kama kinyaa nilichonacho hadi leo nimekizidisha.

Jina langu ni Tessa Voelkel, mzaliwa wa Duvane, magharibi ya Texas. Mwaka ule nilikuwa darasa la mwisho la sekondari, na katika kikosi cha washangiliaji, sisi tunaocheza kando ya uwanja kuipa timu moyo, mimi ndiye niliyekuwa nikiinuliwa. Wawili hubeba nyayo zangu viganjani mwao, na nyuma husimama wa tatu, aliyeshika vifundo vya miguu yangu. Huyo wa nyuma ndiye aliyeshika roho yangu. Yeye hutoa amri ya kupanda na amri ya kushuka, na nikiteleza, kazi yake ni kukikinga kichwa changu hata kama ataumia yeye.

Wangu alikuwa Brenlee Stroud, shoga yangu tangu tuna meno ya utoto.

Ijumaa ile timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilicheza na shule ya Coldspur. Nilikuwa juu, mgongo wangu kwa wachezaji, uso wangu kwa jukwaa la watazamaji, nimevaa lile tabasamu ambalo haturuhusiwi kulivua. Nyuma yangu mchezaji wetu akaanguka.

Kwetu, mchezaji akianguka, mshangiliaji hupiga goti hadi ainuke. Ni adabu tunayofundishwa tukiwa wadogo. Lakini iko adabu nyingine juu ya hiyo: mwenzenu akiwa hewani, kwanza ashushwe.

Sikusikia amri yoyote. Nilihisi tu vidole vya Brenlee vikiachia vifundo vyangu... kisha viganja vikaondoka chini ya nyayo... kisha hapakuwa na kitu.

Mama yangu aliruka uzio, akamkimbilia tabibu wa timu aliyekuwa amesimama karibu na benchi. Yule bwana hakunitazama hata usoni.

“Samahani, mama. Mimi niko hapa kwa ajili ya wanamichezo. Hawa hawahesabiwi.”

Wakati huohuo aliyeanguka uwanjani aliinuka, akarudi benchi kwa miguu yake, na mji mzima ukampigia makofi. Mimi nilitolewa kwa kilango cha wauza bisi.

Jumatatu niliitwa kwa mkuu wa shule, mkono umefungwa plasta hadi begani. Bi Purvis, mlezi wa kikosi chetu, alieleza kwa sauti ya upole kwamba nilishuka kabla ya amri, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Brenlee aliulizwa. Akatazama zulia, akasema ndivyo ilivyokuwa.

Nikapewa masharti. Nikikiri kosa mbele ya kikosi, nafasi yangu itanisubiri nipone, na Bi Purvis atanisemea vizuri kwenye chuo kikuu ambacho nilikuwa nimekitamani tangu utotoni. Nikikataa, nirudishe sare.

Nitasema kweli: kufikia Jumatano nilikuwa karibu kuamini kwamba nilishuka mwenyewe. Watu wakubwa wakikusimulia anguko lako kwa utulivu namna ile, mwili wako mwenyewe unaanza kuwaunga mkono.

Jioni hiyo akaja Wade Kirchner.

Wade ndiye aliyeanguka uwanjani. Tena alikuwa mchezaji wangu, kwa maana kwetu kila mshangiliaji hupewa mchezaji wa kumtunza msimu mzima. Humpikia kila Alhamisi na kumpambia kabati lake. Mama alimkaribisha chakula, akakataa. Akaketi kwenye ngazi za baraza, anasugua magoti yake.

“Tessa, mguu wangu haukuwa na kitu.”

Alinieleza kwamba Coldspur walikuwa wakicheza kwa kasi na vijana wetu wameishiwa pumzi. Kocha Dietz ana ishara yake: akigusa ukingo wa kofia, mmoja ajiangushe, mwamuzi asimamishe mchezo, wengine wapumue.

“Kwa hiyo ulijiangusha.”

“Ndiyo. Lakini kuna kingine...”

“Sema.”

“Nilipogeuka kutafuta pa kuangukia, wenzako walishapiga goti.”

Wasomaji, nilimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya mkuu wa shule. Akatikisa kichwa. Watu wa vyuo vikuu walikuwa njiani kuja kumtazama akicheza; Kocha angemweka benchi. Alisema amenieleza ili apate usingizi tu.

Ili apate usingizi! Keki zote nilizompikia kijana yule! Nikamwonyesha njia ya kutokea.

Asubuhi nilimkuta Brenlee ukumbini, amepiga magoti juu ya karatasi ndefu, anapaka rangi lile bango ambalo wavulana hulipasua wanapoingia uwanjani. Nikamuuliza neno moja tu.

“Ulijua?”

Brashi ikasimama.

“Sote tulijua, shosti. Bi Purvis alituambia tuiangalie kofia. Sisi tukiwahi goti, jukwaa zima linanyamaza, na mwamuzi gani atathubutu kusema mtu anaigiza?”

“Mbona mimi hamkuniambia?”

“We unaangalia jukwaani, kofia huioni.” Kisha akashusha sauti. “Na we ungesema.”

Nikamuuliza kama alisahau kwamba niko juu. Rangi ikadondoka kwenye sketi yake, asiifute.

“Mkono wa Kocha ulipanda, goti langu likashuka. Sikuwaza, Tessa. Wallahi sikukuwaza kabisa.”

Heri angeniambia kwamba alikuwa na chuki nami. Mwenye chuki angalau alikufikiria.

Mchana wa Alhamisi hiyohiyo niliingia tena ofisini. Safari hii Kocha Dietz alikuwapo, ameketi kwa raha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa uwanja. Nikayasema yote, tangu kofia hadi magoti. Bi Purvis akajishughulisha na pete yake. Kocha akacheka kidogo, akauliza tangu lini mshangiliaji anajua kusoma mchezo.

“Binti, hayo ni mambo ya michezo. Nyie ni mapambo. Mazuri sana, lakini mapambo.”

“Kocha, kama sisi si wanamichezo, mchezo wenu ulihitaji magoti yetu ya nini?”

Mkuu wa shule alikohoa, akauliza iwapo ninakiri au ninarudisha sare.

Niliiweka mezani. Bi Purvis akaichukua, akaigeuza upande wa ndani chini ya taa, akaikagua kwa makini... anatazama kama madoa ya damu yangu yametoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ina mtu wa kuivaa kesho yake.

Mtu huyo alikuwa Maycie Tull, mtoto wa mwaka wa kwanza, mwepesi kama unyoya. Sare yangu ilikuwa imeshapotea, chuo changu kimepotea. Nikasema angalau huyu asivunjike. Ijumaa nilimsubiri nje ya chumba cha kubadilishia nguo, nikamweleza kila kitu, sikumficha jina la mtu.

Alinisikiliza kwa adabu, akichomeka utepe kwenye nywele.

“Najua, dada Tessa. Walinionyesha juzi.”

“Na wakikuachia?”

“Hawaniachii. Mimi nikiwa juu nitageuza shingo kidogo, nikiiona kofia nashuka mwenyewe.” Akatabasamu, lile tabasamu letu. “Bi Purvis kasema kosa lako lilikuwa hilo tu. Ulikuwa unawaangalia watu.”

Akaingia uwanjani na wenzake, na tarumbeta zikaanza.

Mkono wangu ulipona, ingawa haunyooki wote. Nilidhani watu wa Duvane walinificha udanganyifu kwa sababu unawaaibisha. La, ndugu zangu. Walinificha mimi peke yangu, kwa kuwa mimi peke yangu ningeusema, na hiyo ndiyo aibu waliyoiogopa. Mtoto wa mwaka wa kwanza walimfundisha kama wanavyomfundisha kupiga makofi.

Basi chukua hili kwangu: kundi likikupandisha juu ya wote, likakusifu, likakupamba, na bado ukawa wa mwisho kujua wanachokijua wote walio chini yako, usingoje amri ya mtu. Shuka ungali una mikono miwili mizima.