Chambo chenye Macho ya Kioo

Mume wa dada yangu tulimwita Profesa, na halikuwa jina la heshima. Mtu mzima, karani, baba wa watoto watatu, lakini Jumamosi nzima ameinamia vyambo bandia vya zamani, visamaki vya mti vya kuvulia, anavichungulia kwa lenzi. Kuvua kwenyewe hajui.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kwao kuazima pasi. Alikuwa amenunua chambo kingine kwa mjane mmoja. Hakikuwa na ndoana.

"Shemeji, njoo uone. Macho ya kioo! Yale ya kupakwa rangi ni ya juzi juzi tu."

"Na hivi vishimo?"

"Alama za meno. Maana yake kilivua kweli."

Nikatazama. Safu nne, kila moja imepinda kama ufizi. "Samaki gani huyo ana meno kama yangu?"

Akacheka, ule mwanya uliomchanganya dada akili ukaonekana wote. "Haya waachie wataalamu, shemeji."

Dada akachungulia kutoka jikoni. "Si yule mjane alikukanya usikirudishie ndoana?"

"Bila ndoana ni kuni hiyo, mke wangu."

Akazitia moja moja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Akakilaza kwenye sanduku lake, akafunga.

Nilikuwa mlangoni na pasi yangu alipoinuka. Mdomo wazi. Nilidhani anapiga miayo. Kisha pembe ya mdomo ikavutika mbele, ikachongoka. Hapakuwa na uzi. Hapakuwa na mkono.

"Baba watoto?" dada akanong'ona.

Akanipita. Shingo mbele, miguu inafuata. Macho tu ndiyo yaliyonigeukia, na yalikuwa yanaomba.

Dada akamkumbatia kiunoni. Mimi nikatupa pasi, nikamshika mkono. Tukavuta. Mdomo ukaanza kuchanika. Tukavuta tena, ukachanika zaidi.

Tukamwachia.

Akakata kona ya mtaa, mchana kweupe, na hadi leo hajarudi.

Jioni dada alifungua sanduku. Chambo kilikuwa kimelowa chapachapa. Ndoana hazikuwemo. Nikachukua lenzi ya Profesa, mimi nisiye mtaalamu, nikahesabu safu za meno.

Tano. Ya mwisho ina mwanya.