Pikapu ya Leonce na Mshale Uliofunikwa

Ndugu zangu, kama una gari, una mume, au una mdomo wa kushauri, vuta kigoda usogee. Haya yanakuhusu. Na kama huna hata kimoja, sogea vilevile, maana gari la jirani kuna siku litakupakia tu.

Kwetu Bombambili, Jumamosi za mwezi wa saba zinapendeza kwa mwenye sweta. Ukungu unakawia kuondoka, chai ya tangawizi inanukia mpaka barabarani, na kuku wanasimama kwa mguu mmoja wakingoja jua. Jumamosi ninayoisema, jirani yangu Theodosia alikuwa mlangoni akichambua maharage huku akiimba wimbo wa kwaya. Mumewe Leonce alikuwa akiipangusa pikapu yake kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Kesho yake ilikuwa siku kubwa: Kajetani, mdogo wake Theodosia, angeweka nadhiri za daima katika monasteri ya Hanga. Mama yao, Bibi Walburga, alishafika na ndoo zake za togwa. Mwanamke huyo hakuwa na ombi jingine, si kwa Mungu wala kwa serikali: amsikie kitindamimba wake akitamka nadhiri kwa mdomo wake mwenyewe.

Amani hiyo ikavurugwa na mvuke. Leonce alitoka kwenda kujaza mafuta, akarudi rejeta ikipiga mluzi kama birika.

"Baba Jane, peleka kwa fundi," alisema Theodosia.

"Fundi? Mimi nikiwa hai?"

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa nyumba ile. Leonce si mlevi, si mhuni, hajawahi kumwinulia mtu mkono. Ugonjwa wake ni ujuaji. Redio aliyoitengeneza inashika Msumbiji tu, na familia nzima sasa inaamkiana Kireno. Bomba alilolitengeneza linafungwa kwa kamba ya kiatu. Lakini mwambie apeleke kitu kwa mwenye kazi yake, utadhani umemtukania ukoo.

Tumpe haki yake: ugonjwa wa gari aliujua. Themostati ilikuwa imekwama. Hicho ni kimlango kidogo kati ya injini na rejeta. Injini ikipata moto kinajifungua, maji yanakwenda kupoa. Kikikataa kufunguka, gari linachemsha. Basi akamtuma mkewe mjini kwenye duka la spea la Muhsini, naye akarudi na kipya pamoja na maagizo.

"Muhsini amesema springi iangalie ndani kwenye injini. Na gasketi yake ni hii, tusiweke nyingine."

"Muhsini anauza. Mimi natengeneza."

Wakati huo washauri walishajaa uani. Mnatujua sisi: boneti ikifunguka, wanaume wa mtaa mzima tunakuwa na nafasi. Abdulatifu, muuza mkaa, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akapiga kelele, "Ing'oe utupe! Hivyo ni vitu vya Wajapani, kwao kuna barafu!" Mimi nilishika kikombe cha chai na kuitikia kwa kichwa kila upande, nisimuudhi mtu.

Leonce akachukua sufuria ya wali, akakichemsha kile kidude aone kama kinafunguka. Kilifunguka. Bibi Walburga akachungulia kutoka jikoni. Sasa, kwa Wangoni wa umri wake, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawajibizani. Kila neno linapita kwa mtu wa kati.

"Theodosia, mumeo anapika nini?"

"Chuma, mama."

"Muulize kama kimekolea chumvi."

Tulicheka mpaka chai ikanimwagikia. Leonce hakucheka. Alikaza shingo, akakipachika kile kidude springi ikiangalia nje.

"Baba Jane, umegeuza."

"Springi ndiyo moyo wake, mama Jane. Moyo unauelekeza kwenye moto uungue?"

Na ile gasketi ya dukani, kipande cha kuzibia maji yasivuje, akaiita karatasi ya urembo. Akakata ya kwake kutoka kwenye boksi la viatu vya shule vya Jane. Theodosia akaiokota ile ya dukani, akaipangusa, akaiweka kwenye pochi pamoja na rozari yake. Mwanamke akinyamaza hivyo, ndugu yangu, ondoka uani.

Pikapu ikawashwa. Ikanguruma vizuri. Baada ya kitambo mshale wa joto kwenye dashibodi ukaanza kupanda. Leonce akaukazia macho, nao ukaendelea kupanda.

"Mshale huu ni muongo," alisema. "Unanitia presha bure." Akatoa stika ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, akaibandika juu ya mshale. Akazima injini, akanawa mikono. Kazi imekwisha.

Jumapili asubuhi tukaondoka. Leonce kwenye usukani, Theodosia katikati kama ukuta, Bibi Walburga dirishani, mtandio umefunika shavu la upande wa mkwe. Mimi nyuma nimezikumbatia ndoo za togwa. Baridi ya barabara ya Namtumbo ilinipiga mpaka nikasahau jina langu. Ndiyo maana niliposikia joto likinijia kutoka mbele, nilishukuru. Nilishukuru mapema mno. Kwenye mlima wa kwanza mrefu, boneti ilitoa wingu jeupe, pikapu ikakohoa, ikasimama.

Leonce akashuka mbio na kitambaa afungue mfuniko wa rejeta.

"Usiguse!" Theodosia alimdaka mkono. "Utabanduka ngozi ya uso, halafu huko Hanga utawaonyesha uso gani?"

Ikabidi tungoje ipoe. Bibi Walburga akashuka, akazunguka mpaka mbele ya pikapu, akashika kiuno. Hakumtazama mkwe wake. Aliitazama taa ya kushoto.

"Wewe gari," alisema, "nani alikwambia wewe ni fundi?"

Leonce akainamisha kichwa.

"Umeambiwa springi ndani, ukaweka nje. Umepewa gasketi, ukaweka boksi la viatu. Mtakatifu wa watu umemfanya pazia. Mwanangu anatamka nadhiri sasa hivi, gari, na mimi nimesimama porini nazungumza na bati!"

Sauti yake ilikatika hapo mwishoni. Hakuna aliyecheka.

Leonce naye akaigeukia taa ya kulia.

"Gari limekosa, mama," alisema polepole. "Lilijifanya linajua. Mama Jane, niambie Muhsini alisemaje. Yote, tangu mwanzo."

Ndugu zangu, miaka yote ya ujirani wetu, hayo maneno sikuwa nimewahi kuyasikia. Theodosia akaagiza, yeye akatenda. Injini ilipopoa, akalegeza bolti, akatoa themostati, akabandua boksi la viatu lililokuwa limegeuka uji. Springi ikaangalia ndani. Gasketi ikatoka kwenye pochi ikinukia marashi. Mimi nikateremka kijitoni na dumu, maana nilipotaja kumimina togwa kwenye rejeta, bibi aliliambia gari, "Thubutu uinywe!" Tukajaza maji, tukawasha, Leonce akambandua mtakatifu. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia.

Tulifika Hanga misa ikiwa imekwenda mbali. Kajetani alikuwa amelala kifudifudi mbele ya altare, amefunikwa kitambaa kama ilivyo desturi ya watawa. Nadhiri alishazitamka. Bibi Walburga alisimama mlangoni, viatu vina matope, akafuta macho kwa mtandio.

Baada ya misa Bruda Kajetani akatujia pale kwenye pikapu. Theodosia akamnong'oneza. Yule kijana hakuuliza mara mbili. Akamshika mama yake mkono juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, akayarudia maneno yake polepole: kudumu mahali hapa, kutii, na kugeuza mwenendo wake mpaka kufa. Mama akasikia kila neno.

Halafu akaigonga boneti kwa kidole.

"Umesikia, gari? Wenzako wanageuza mwenendo."

"Limesikia, mama," alijibu Leonce, akitazama chini.

MAFUNZO

Ujuaji haunuki kama pombe, ndiyo maana tunaulea majumbani. Lakini mjuaji akikosea hachemshi gari lake tu, anachemsha na siku ya mtu mwingine ambayo hairudi. Bibi Walburga alirudiwa maneno kwa sababu mwanawe ana moyo mwema, wengine hawarudiwi. Kutengeneza gari nyumbani si kosa, ila msikilize anayekuletea maagizo, hata kama ni mkeo, na hasa kama ni mkeo. Nasi washauri wa uani tumalize chai tukalishe kuku. Na mshale ukipanda, usiufunike. Simama uulize. Mtakatifu Kristofa ana wasafiri wengi wa kuwaangalia, mshale huo ni kazi yako.