Pipa Halidanganyi

Hiace nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa.

Nukta akakata nayo.

Saa nne na dakika tano asubuhi. Jua kali, barabara ya vumbi, pikipiki ya Boxer iliyokuwa ikikohoa kila ikibanwa, na goti la kulia lililoanza kulalamika tangu alipotoka kitandani. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili hana sababu ya kufukuza magari. Lakini nani angemwambia akasikia?

Kidude cha sikioni kikalia.

“Dada, uko wapi?”

Ilikuwa sauti ya Fundi, mama mshonaji, mteja wake.

“Nyuma yao. Mita mia.”

“Wana mzigo?”

“Wana mzigo.”

Simu ikakatwa.

Aliitwa Nukta tangu enzi za idara ya usalama, kwa sababu ya ripoti zake. Wenzake waliandika kurasa kumi. Yeye aliandika mstari mmoja, akaweka nukta, akaenda kula. Miaka hiyo alikuwa na bastola ya Browning, redio ya Motorola na watu wanne wa kumlinda mgongo. Siku hizi alikuwa mpelelezi binafsi. Alikuwa na kamera ya Canon, kalamu inayorekodi sauti, na leseni ya karatasi iliyofunikwa plastiki.

Leseni hiyo ilimruhusu kuona, kuuliza na kuandika. Haikumruhusu kuvunja mlango. Haikumruhusu kumkamata hata kuku.

Hiace ikaingia kwenye ua wa bohari la magodoro. Geti likafungwa.

Nukta akaegesha pembeni, akapanda ngazi za jengo la jirani huku akilitukana goti lake kimyakimya. Juu ya paa alilala kifudifudi na kuivuta lenzi.

Ua ulikuwa umegawanywa na ukuta wa matofali.

Upande wa nyuma, watu sita walikuwa wakishusha magunia ya vipande vya magodoro ya zamani. Walivikatakata, wakavishindilia ndani ya vitambaa vya rangi ya machungwa, wakashona. Kila kimoja kilipokamilika kilikuwa jaketi la kuokolea maisha majini, na kifuani lilikuwa na lebo ya Fundi.

Picha. Picha. Picha.

Upande wa mbele, msichana wa miaka ishirini na minne hivi aliketi juu ya kreti. Aliletewa majaketi yaliyokwisha kushonwa, moja baada ya jingine. Kwenye kola ya kila moja alipitisha uzi wa kijani na kufunga fundo.

Alikuwa akiimba. Ukuta ulimzuia asione ya nyuma.

Nukta akashusha kamera. Alimfahamu. Jumanne msichana huyu alimwamkia shikamoo na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Alikuwa binti wa Fundi.

*

Jumanne ndipo kazi hii ilipoanza.

Karakana ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili, cherehani nne za Singer, na pipa moja kubwa la maji uani. Hilo pipa ndilo lililokuwa bwana wa nyumba. Kila jaketi lililoshonwa pale lilifungwa jiwe la kilo sita na kutumbukizwa humo. Lililala na kuamka. Asubuhi likikutwa bado linaelea, Fundi au binti yake alifunga fundo la uzi wa kijani kolani. Lisilo na fundo halikutoka mlangoni, hata aje kulichukua nani.

“Watu wananiona mchawi,” Fundi alimwambia Nukta. “Wananiuliza, kwa nini usiku mzima? Nawaambia maji hayana haraka. Jaketi bovu nalo linaelea, kwa dakika ishirini linaelea vizuri tu. Halafu linakunywa.”

Kisha akamwonyesha jaketi lililokuwa juu ya meza.

Lilikuwa limeletwa Jumapili na mke wa mchimba mchanga wa mtoni aliyekufa maji. Hakupiga kelele, mama yule. Aliliweka mezani, likiwa bado linavuja maji, akakaa. Fundi akamwambia kwa upole, labda marehemu hakufunga kamba vizuri.

“Alizifunga zote,” mjane akajibu. “Mimi ndiye niliyezifungua.”

Fundi alipolipasua jaketi lile alikuta vipande vya magodoro.

Lebo ilikuwa yake. Kolani kulikuwa na fundo la kijani.

“Nani mwingine anajua kulifunga fundo hili?” Nukta aliuliza.

Fundi alilitazama fundo kwa muda mrefu. Alilipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayepapasa jino linalouma.

“Sijui,” alisema.

Nukta aliandika neno hilo. Pembeni yake akachora mstari. Miaka ishirini na mitatu katika idara ilikuwa imemfundisha jinsi *sijui* ya mtu anayejua inavyosikika.

*

Juu ya paa, alipiga simu.

“Fundi.”

“Nakusikia.”

“Mwanao yuko hapa. Anafunga mafundo.”

Akasikia cherehani moja ikisimama. Halafu nyingine.

“Najua,” Fundi akasema. “Nilijua tangu Jumanne. Huyo anazungusha uzi mara tatu badala ya mbili. Nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka saba, vidole vilikuwa vidogo, uzi ukawa unamponyoka. Nikamwambia basi, wewe zungusha tatu.”

“Ukaniajiri nimtafute mtu unayemjua?”

“Nilikuajiri uniambie si yeye, dada.”

Idarani walimfundisha Nukta kufungua makufuli, kuogelea na buti, kukaa siku mbili bila usingizi. La kumjibu mama hawakumfundisha.

“Haoni yaliyo nyuma ya ukuta,” alisema. “Anadhani ni majaketi mazima.”

“Ni oda ya kivuko,” Fundi akasema taratibu. “Mia mbili. Nilimwambia pipa letu ni moja, tutahitaji miezi. Haraka haraka haina baraka. Akanijibu, mama, na wewe baraka zako zitatufungia karakana. Wiki moja baadaye akasema amepata mashine za kukodi mjini, watashona huko na kuzamisha huko. Machache ya kwanza wakawauzia wachimba mchanga. Nikamwamini. Mwanangu, nisimwamini?”

“Nani aliyempatia mashine hizo?”

“Yule mnayemwita Koti.”

Nukta alimjua. Koti alivusha vitu mpakani: betri, dawa, breki, chochote ambacho mtu hugundua ubovu wake akiwa amekwisha kuchelewa. Alivaa koti la suti hata jua likiwaka, na hakuna aliyewahi kumwona akitokwa jasho.

Chini, Hiace ilikuwa ikipakiwa. Geti likafunguka. Binti wa Fundi alipanda kiti cha mbele, jaketi moja amelivaa kabisa, anacheka.

“Kivuko kinaondoka saa ngapi?”

“Saa sita kamili,” Fundi akasema. “Safari ya kwanza. Ameniambia naye atapanda, ili watu waone kwamba tunayaamini majaketi yetu.”

“Wapigie polisi. Wewe ndiye mwenye jina.”

“Wakimfunga?”

“Fundi.”

“Dada, wakimfunga?”

Simu ikakatika.

*

Saa tano na dakika ishirini na tano. Gatini.

Hiace ilikuwa imekwisha kushusha. Nukta alipita karibu na gurudumu la nyuma, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Alitumia sekunde nane na koleo dogo la kucha. Upepo ukaanza kutoka taratibu.

Hilo halikuwa kwenye leseni.

Akamwendea Sajini wa polisi wa bandari, aliyekuwa mwanafunzi wake idarani.

“Afande mstaafu!” Sajini akasimama wima kwa mzaha.

“Kizuie kivuko. Majaketi ni bandia. Picha hizi hapa.”

Sajini akazitazama moja moja. Mzaha ukamtoka usoni.

“Mlalamikaji nani?”

“Mimi.”

“Wewe si mwenye chapa. Mwenye chapa akisema haya si yangu, nakizuia hata kama waziri yumo ndani. Bila yeye nina picha za watu wakishona. Nikikosea nahamishiwa porini. Afande, unajua utaratibu. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

Kweli, alimfundisha yeye. Alitamani angekuwa mwalimu mbaya.

Akapanda daraja la kuingilia. Abiria walikuwa wamejaa: wachuuzi na magunia yao, mama na pacha mgongoni na kifuani, wanafunzi wenye sare. Nahodha, mzee mnene mwenye sauti ya kipaza, alikuwa akigawa majaketi kwa mikono yake.

“Nahodha, haya yatazama.”

“Wewe ni nani?”

Akaonyesha leseni. Nahodha akaisoma, akaigeuza, akatazama nyuma kana kwamba huenda nguvu yake ilikuwa huko.

“Binafsi,” akasema. “Yaani huna anayekutuma.”

Nukta akachomoa jaketi kwenye rundo, akalirusha mtoni.

Wote wakachungulia.

Likaelea. Lilielea vizuri, limetuna, linang’aa.

Abiria wakaangua kicheko. Koti, akiwa ameegemea nguzo gatini, akapiga makofi matatu ya polepole.

“Mama, nenda kapumzike,” alisema. “Jua limekuingia.”

Binti wa Fundi akasogea. Alikuwa ameona aibu kwa niaba ya mtu mzima.

“Shikamoo, mama. Mama yangu ndiye aliyekutuma? Ana hofu sana tangu Jumapili. Lakini Koti ameniambia yule marehemu hakufunga kamba. Na haya yamezamishwa huko yanakotoka, vyeti ninavyo.”

“Uliyaona yakizamishwa?”

Binti akaitazama lebo ya kifuani pake.

“Vyeti ninavyo,” akarudia.

Nukta akamnyooshea kamera aone picha za nyuma ya ukuta. Kabla hajaipokea, Koti alikuwa amekwisha kufika kati yao. Aliisukuma ile kamera kwa kiwiko, kwa adabu kabisa. Ikaanguka mtoni.

Saa tano na dakika hamsini. Honi ya kwanza.

Nukta alisimama pale, mikono mitupu. Alihesabu abiria, akafika themanini, akaacha. Alijua kila kitu. Alijua sponji inatoka godoro gani na uzi umezungushwa mara ngapi, na hapakuwa na kitu hata kimoja alichoweza kufanya. Hali hiyo alikuwa hajawahi kukutana nayo enzi za Browning. Aliichukia.

Simu ya Nahodha ikaita.

“Nani? Fundi! Karibu, tunaondoka sasa hivi.” Akaweka sauti kubwa ili abiria wasikie pongezi.

“Nahodha, majaketi hayo si yangu. Yavueni.”

Gati zima likasikia.

“Yana lebo yako, mama. Yana fundo.”

“Fundo ni la mwanangu.” Sauti ilikatika, ikarudi. “Alilifunga bila kuzamisha. Mimi nilijua tangu Jumanne, nikanyamaza, kwa sababu ni mwanangu. Sasa yuko humo na amevaa mojawapo. Nakuomba, baba, usikitoe hicho kivuko. Mwambie Sajini mimi ndiye mlalamikaji. Niandikeni.”

Hakuna aliyecheka.

Mchuuzi mmoja akanyoosha kidole majini. Pale jaketi lilipokuwa likielea palikuwa na ncha ya kamba tu. Halafu hata ncha haikuwepo.

Watu wakaanza kuvua kwa pupa, wakikanyagana. Mama wa pacha alilitupa lake mbali kama lina moto.

Koti alikuwa amekwisha kuingia kwenye Hiace. Injini ikanguruma. Gari likaenda hatua kumi, likainama upande mmoja, likagonga nguzo.

Sajini akafungua mlango.

“Sasa nina mlalamikaji,” akasema, na kwa mara ya kwanza mtu alimwona Koti akitokwa jasho.

Bohari nalo likavamiwa kabla ya saa saba. Picha zilikuwepo: kamera ya Nukta hutuma nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kila baada ya dakika tano. Uzee dawa.

*

Saa kumi alasiri. Karakana.

Cherehani zilikuwa kimya. Mlangoni palikuwa na karatasi ya wakaguzi yenye mhuri: imefungwa hadi uchunguzi ukamilike. Sajini alikuwa amempa binti hadi kesho asubuhi, aje mwenyewe kuandika maelezo. Atakayoandika, na yatakayompata baada ya hapo, hakuna aliyeyajua.

Nukta akaweka bahasha mezani. Ripoti ilikuwa ya mstari mmoja.

Fundi hakuifungua.

“Dada,” aliuliza, “umenisaidia au umenimaliza?”

“Sijui.”

Safari hii ilikuwa *sijui* ya kweli.

Binti alikuwa amesimama uani, bado na jaketi mwilini. Hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Mama yake akamwendea. Akamfungua kamba ya juu, ya kati, ya chini. Ile ya mwisho aliishika kwanza bila kuifungua, na Nukta akajua anamfikiria mama mwingine aliyefungua kamba kama hizo siku ya Jumapili.

Fundi akalifunga jaketi jiwe la kilo sita. Akaliweka pipani.

Likaelea.

“Mama,” binti akasema kwa sauti ndogo, “si unaona linaelea?”

“Kaa uangalie.”

Akavuta kigoda. Binti akakaa. Mama naye akakaa upande wa pili wa pipa. Hawakushikana, hawakugombana. Walitazama maji.

Nukta akavaa kofia ya pikipiki, akachukua ufunguo, akatoka polepole kwa sababu ya goti.

Aliiwasha Boxer, ikakataa. Akaiwasha tena, ikakataa. Mara ya nne ikaonyesha dalili, naye akaizima kwa makusudi, kwani alitaka kusikia.

Dakika zikapita. Nyingi.

Kisha, nyuma ya ukuta, jiwe likagusa sakafu ya pipa. Kilikuwa kishindo kidogo tu, na baada yake binti wa Fundi akaanza kulia.

Nukta hakugeuka. Aliwasha pikipiki, ikakubali, akaondoka.