Jane na Kifuniko Kilicholegea

Kila Jumanne asubuhi Oktavia alifundisha akina mama kupika uji. Walikutana kwenye uwanja wa zahanati, kata ya Lyamkena, mjini Makambako. Oktavia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha lishe. Alikuja na sufuria yake, mwiko wake na kopo la usipa uliosagwa. Usipa huo ni dagaa wa ziwani, kutoka Manda.

"Kamwene, akina mama," aliwasalimu kwa Kibena.

"Kamwene!"

"Nani ataniambia kwa nini tunatia usipa kwenye uji?"

"Kwa ajili ya protini!"

"Na tusipotia?"

"Mtoto anadumaa!"

Oktavia alitabasamu, lakini neno hilo la mwisho lilimchoma kila Jumanne. Alikuwa na binti wa miaka minne, jina lake Jane. Jane alikula uji huo huo, tena bakuli zima. Alikula viazi, maharage, mayai na parachichi. Hata hivyo hakurefuka. Watoto wa miaka miwili walilingana naye.

Jirani yake Eveline alikuwa mama mcheshi, ila ulimi wake ulikuwa na makali. Siku hiyo aliinua mkono.

"Mwalimu, na Jane je? Kliniki hatumwoni. Au yeye unamlisha kile cheti chako cha lishe cha ukutani?"

Akina mama wakacheka.

"Jane yuko Njombe kwa bibi yake," alisema Oktavia. Akakoroga uji kwa nguvu.

Haikuwa kweli. Jane alikuwa nyumbani na baba yake, Yoeli. Miezi kumi na minne iliyopita, mhudumu aliyekuwa akipima watoto uzito alimwuliza Oktavia mbele ya wenzake, "Mama, huyu unampa nini?" Tangu siku hiyo Oktavia hakumleta tena. Aliogopa pia madoa ya bluu kwenye ngozi ya Jane. Mtoto akigonga kiti kidogo tu, doa lilitokea. Watu wangesema anampiga. Yoeli naye alikuwa amewahi kumwambia, "Wafundisha mji mzima, na wako mwenyewe humwezi."

Uji ulikuwa unaanza kuchemka Eveline aliposimama ghafla.

"Jamani! Si Jane yule?"

Jane alikuwa akipanda mteremko kumfuata mama yake. Alipiga hatua tano, akachuchumaa. Akainuka, akapiga hatua tatu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alimwona mama yake, akacheka na kunyoosha mkono. Kisha akaanguka kifudifudi.

Mwiko ulimtoka Oktavia. Aliona kila kitu, lakini miguu yake haikusogea. Eveline ndiye aliyekimbia. Alimnyakua mtoto na kuingia naye ndani ya zahanati, akipiga kelele, "Daktari! Daktari!"

Tabibu wa zahanati alikuwa Kornelio, mtu mtaratibu. Alimlaza Jane, akainua miguu yake, akaweka chombo chake cha kusikilizia kifuani. Alisikiliza kwa muda mrefu. Jane alifumbua macho. Kornelio aliendelea kusikiliza.

"Mama Jane, nipe kadi ya kliniki."

Oktavia aliitoa mkobani. Siku zote alitembea nayo. Kornelio aliitazama.

"Miezi kumi na minne."

"Niliona haya, daktari." Oktavia alianza kulia. "Nilidanganya. Nampa chakula, Mungu anaona. Nampa!"

"Nakuamini. Njoo usikie."

Alimwekea chombo masikioni. Oktavia alitarajia kusikia mapigo mawili mawili. Badala yake alisikia mvumo, kama maji yanayopita kwenye mpira uliobanwa kwa kidole.

"Ni nini hicho?"

"Ni damu inalazimisha njia. Mlango mmoja wa moyo wake umebana. Milango hiyo inaitwa valvu. Hili si jambo la uji."

Oktavia aliketi sakafuni. Eveline alijishika mdomo.

Hapo Yoeli aliingia mbio. Alifanya kazi kwenye karakana ya mbao, na alikuwa amevaa nguo za kazi tayari. "Niligeuka kunawa tu, nikakuta hayupo! Yu hai?"

"Yu hai," alisema Kornelio. Kisha alimtazama Yoeli usoni, akamtazama Jane, akarudi kwa Yoeli. Macho yao yalikuwa yameachana kidogo, kope zikilala. Shingo zao zilikuwa fupi na pana.

"Baba Jane, nisamehe. Naomba ufungue shati."

"Mgonjwa ni mtoto, daktari."

"Najua. Fungua."

Yoeli akafungua. Katikati ya kifua chake palikuwa pamebonyea kama kisahani. Kornelio akainua gauni la Jane. Kisahani kile kile, kidogo zaidi.

Oktavia aliviona vifua hivyo viwili kila siku. Hakuwahi kuviweka pamoja.

"Kwetu ndivyo tulivyo," Yoeli alisema taratibu. "Mimi na marehemu kaka yangu, Yusto."

"Yusto alifariki kwa nini?"

"Alikuwa na miaka sita. Alikimbia, akaanguka. Watu walisema mama alimnyima chakula."

Kornelio aliweka kalamu chini. "Leo hii hii mnakwenda Njombe, hospitali," alisema. "Msingoje kesho."

Njombe walionyeshwa moyo wa Jane kwenye kioo cha mashine. Valvu inayopeleka damu kwenye mapafu ilikuwa nene na nzito. Ilifunguka kidogo tu. Wakapelekwa Dar es Salaam. Kabla ya matibabu, madaktari walipima damu ya Jane kuona kama inaganda vizuri. Ilichelewa kuganda. Ndiyo maana alipata madoa ya bluu. Wakajiandaa kwa hilo. Kisha wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Mrija ulikuwa na puto dogo. Puto likajazwa, likaipanua valvu.

"Kwa wengine puto halitoshi, inabidi kupasua," daktari aliwaambia. "Kwa huyu limetosha. Tutaendelea kumpima."

Yoeli naye alipimwa. Valvu yake ilikuwa nene kidogo, bila hatari. Wote wawili walitolewa damu, ikatumwa maabara.

Baada ya miezi mitano Kornelio alikuja na majibu kwenye karakana ya Yoeli, wakati wa mapumziko. Mashine zilikuwa zimezimwa. Oktavia alikuwepo, na Jane alikuwa akicheza kwenye maranda. Bibi yake Jane, Ema, mama yake Yoeli, alikuwa amekuja kutoka kata ya Ramadhani, mjini Njombe.

"Hali hii inaitwa Noonan," Kornelio alisema. "Jane anayo, na baba yake anayo. Chanzo chake kwao ni protini moja."

"Protini?" Oktavia alishtuka. "Si ndiyo ninayompa kwenye maharage?"

"Maharage yana protini. Mwili unaivunja, unajitengenezea protini zake wenyewe. Baadhi huwa wafanyakazi. Hao ndio vimeng'enya." Akaokota kipande cha chaki. "Baba Jane, mistari hii kwenye mbao ni ya nini?"

"Ni amri. Mstari mmoja, kata. Msalaba, ngoja."

"Na ubao ukipita kwenye mashine ya kuranda?"

"Chaki inafutika. Ubao unabaki bila amri."

"Mwilini pia kuna chaki. Inaitwa fosfeti."

"Ile ya mbolea?" Ema aliuliza.

"Jamaa yake, bibi. Kuna vimeng'enya vinavyobandika fosfeti juu ya protini nyingine, mahali panapoitwa tairosini. Na kuna vinavyoifuta. Vile vya kufuta vinaitwa protini tairosini fosfatasi. Jina ni refu. Sisi tuseme wafutaji. Wako wa aina nyingi. Mwili unawahitaji wachoraji na wafutaji, wote."

"Bila randa, mbao zingebaki na amri za juzi," alisema Yoeli.

"Sawa kabisa. Sasa, kila mfutaji ana mfuko, mithili ya mdomo. Tairosini yenye fosfeti inaingia humo mpaka chini. Huko chini kuna chembe ya salfa. Salfa inanasa fosfeti na kuing'oa. Kisha maji yanaisafisha, mfuko unakuwa tayari kwa kazi nyingine."

"Na anajuaje wakati wa kuanza?" aliuliza Oktavia.

Kornelio aligusa kifuniko cha chuma juu ya kisu cha mashine. "Hiki kazi yake nini?"

"Kinafunika kisu," Yoeli alijibu. "Ukisukuma ubao, ubao wenyewe unakisogeza kando. Ukiisha kupita, springi inakirudisha."

"Ile protini moja ya Jane ni mfutaji, na ana kifuniko kama hicho. Ni sehemu ya mwili wa mfutaji mwenyewe, imejikunja ikaziba mfuko. Ikikutana na protini yenye alama, inaishika na kusogea kando. Mfuko unafunguka. Kazi ikiisha, unafungwa. Sasa niambie, springi ikilegea?"

Yoeli alikitazama kisu kwa muda. Aliwajua watu waliopoteza vidole hapo.

"Kisu kinabaki wazi," alisema kwa sauti ndogo. "Kinakula chochote."

"Ndivyo ilivyo kwa Jane. Mfutaji anafuta alama ambazo hazijafikia wakati wa kufutwa. Kwenye valvu ya moyo, amri ya kuacha kukua ikafutika, valvu ikawa nene. Kwenye mifupa, amri ya kurefuka ikafutika, mifupa ikabaki mifupi."

Oktavia alishusha pumzi. "Na uji wangu?"

"Uji haukulegeza springi, na uji hauwezi kuikaza. Lakini ulimpa nguvu ya kufika hospitali akiwa hai. Endelea nao."

"Dawa ya kuikaza ipo?"

"Wataalamu bado wanatafuta. Sisi tutaangalia moyo wake kila mwaka, na masikio, na macho. Asing'olewe jino wala kupasuliwa popote kabla hamjasema kuhusu damu yake."

Ema alikuwa amekunja mikono ndani ya kitenge.

"Daktari, springi hiyo hulegea mama akikosa kula nini?"

"Haihusiani na chakula, bibi. Mtu huzaliwa nayo. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto anaweza kuirithi au kuikosa, sawa na kurusha sarafu. Wakati mwingine huanza yenyewe. Hakuna anayeichagua."

"Basi Yusto..."

"Yusto sikumpima, siwezi kuapa. Lakini kwa yale niliyosikia, ninaamini ulikuwa moyo wake."

"Alikuwa anakula," Ema alisema. "Nilimpakulia yeye kwanza, kabla ya wote."

Yoeli aliketi juu ya mbao. "Mama," alisema, "hata mimi niliamini. Nilikuwa mtoto, lakini niliamini ulimnyima."

"Najua, mwanangu. Ulikuwa unaficha nusu ya kiazi chako ili umpe yeye. Nilikuwa nakuona."

Yoeli alifunika uso. Oktavia alikwenda akasimama karibu na mkwewe, akamshika mkono. Jane aliacha maranda yake akaja kuwatazama. "Bibi analia nini?" aliuliza. Ema alimpakata.

Jumanne iliyofuata Oktavia alikuja uwanjani na Jane. Alimpandisha kwenye mizani mbele ya watu wote. Aliwasimulia ukweli: aibu, uongo na miezi kumi na minne. Kornelio naye aliwatangazia utaratibu mpya. Mtoto yeyote asiyerefuka atasikilizwa moyo kwanza, na maswali ya chakula yatafuata, tena faraghani.

"Mtoto asiporefuka tunafanya nini?" Oktavia aliuliza.

"Tunamlisha!"

"Na nini?"

"Tunamleta!"

"Na tukiona haya?"

Eveline akainuka. Siku hiyo ulimi wake haukuwa na makali.

"Hapo ndipo tunamleta mbio," alisema. "Na jirani mwenye mdomo kama mimi, anamsindikiza."

Wakacheka. Ema alikuwa amekaa mbele, na mkononi alikuwa na kiazi cha kuchemsha. Alikimenya, akamwita mjukuu wake. Jane alikuwa bado mfupi kuliko wenzake wote. Alikuwa chini kabisa ya mteremko. Aliposikia jina lake aliupanda mteremko wote akikimbia, bila kuchuchumaa hata mara moja. Alipofika, Ema akampa kiazi kizima.