Herufi Mbili Zilizomezwa

Walikutana kwenye kaunta ya ofisi ya tafsiri, foleni imefika mlangoni. Mfasiri, ndani ya gauni la kijani, alikuwa akiigombeza kibodi.

"Dada, unamsema nani?" aliuliza fundi wa kompyuta, mikono ya shati ameikunja.

"Huyu é wa Kifaransa! Nikibonyeza kitufe cha Alt cha kulia anatoka vizuri, kisha herufi zinazomfuata zinamezwa. Utasema kuna mtu kaweka kidole."

Wenzake hawakucheka. Kiti alichokalia kilikuwa cha mama mmoja aliyefukuzwa kazi kwa kuruka herufi hizo hizo, akafa na lawama yake. Programu mpya mkubwa wa ofisi aliiahidi tangu enzi za huyo mama. Tupo tunaokumbuka, na mfasiri tulishamsimulia.

Fundi aliinama, ananukia sabuni. "Programu yenu ni ya kizamani, inaishi ndani ya nyingine inayoiigizia mazingira yake. Kitufe umeshakiachia, yenyewe haina habari. Inadhani bado umekishika, kwa hiyo herufi zinazofuata inazichukua kama amri, haiziandiki."

"Maskini! Imeachwa na haijui."

"Mimi ukiniachia nitajua, é wangu."

Jina hilo la é likamganda mfasiri. Ikafuata miezi minne ya simu na utani, hadi fundi alipopata kazi ya mbali. Asubuhi ya safari alipita ofisini, hakumkuta, akamwandikia kwenye kompyuta yake. Mfasiri aliporudi alisoma neno moja: *étutaachana*.

Akazima simu. Siku tatu.

Siku ya nne, akichapa cheti cha mteja, é ikameza tena: mkato, nafasi, herufi mbili. Ule ujumbe nao haukuwa na mkato wala nafasi! Akachapa polepole: é, hatutaachana. Kioo kikajibu: *étutaachana*.

Akapiga simu. "Uliandika *hatutaachana*?"

"Ulidhani nini, mpenzi? Siku tatu nakutafuta kama kichaa!"

"Na wewe fundi mzima husomi ulichoandika?"

"Basi lilikuwa linapiga honi. Nioe basi… aah, nikuoe?"

"Rudi unioe. Ila posa andika kwa kalamu."

Mfasiri alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili. Mbele yake kitufe kikabonyea chenyewe, kisha kingine. Kwenye kioo zikatokea, moja baada ya nyingine: *h*. *a*.

Akakigusa kiti alichokalia.

"Asante, mama," alisema. "Kosa halikuwa lako."

"Unaongea na nani?"

"Na mwenye kiti."