Kabati la Kuazima

Viateur na mkewe Mukamusoni walikuwa wakiuza nyumba yao ya Gisenyi. Mama yake Viateur alikuwa mgonjwa huko Kanzenze, tena peke yake. Walitaka kuhamia huko wamtunze. Bila kuuza nyumba, hawakuwa na njia.

Lakini ukuta wa sebule ulikuwa na ufa, tangu matetemeko ya mwaka ule volkano ilipolipuka. Badala ya kumwita fundi, Mukamusoni alikwenda kwa jirani yao Kaltumu.

"Tuko na wageni ya harusi, dada. Utuazime kabati yako."

Kabati likasimamishwa mbele ya ufa. Wakaijaza sebule viti pia, mpaka mtu apite ubavu ubavu. Wakafunga mapazia mazito, eti nyumba ionekane ya matajiri!

Akaja mnunuzi, Kabatesi, mama aliyekulia Tanzania.

"Nyumba haina shida hata moja, mama," Viateur alimwambia.

"Ni nzuri, ila ina giza. Samahani mzee, nichaji wapi simu?"

"Prizi iko nyuma ya kabati," Viateur alijibu bila kufikiri.

Kabatesi akalisukuma kabati kidogo. Akautazama ufa, kisha akamtazama Viateur, mzee wa kanisa mwenye mvi. Viateur aliangalia chini. Alitamani ardhi immeze.

"Asanteni kwa kunikaribisha," Kabatesi alisema kwa upole, akaondoka. Upole ule ulimuumiza Viateur kuliko matusi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaltumu alipofuata kabati lake, naye aliuona ufa.

"Kumbe harusi ni hii? Munanitia na mimi mu uongo yenu!"

Mukamusoni alijifunika uso kwa kitenge. "Utusamehe, dada. Tuko na haya sana."

Kaltumu alinuna, halafu akakaa. Yeye aliwahi kuuza nyumba.

"Bon, munisikilize. Muite fundi, aangalie kwanza musingi. Kama iko muzima, azibe ufa. Mununuzi akikuja, mumwambie habari ya ufa mbele ya yeye kuuliza. Viti mingi mutoe, mutu aone nafasi. Mufungue madirisha, mupake rangi nyeupe. Na choo musafishe. Watu wanaangalia choo!"

Wakafanya hivyo. Fundi aliukuta msingi mzima, akaziba ufa. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Viateur. Alikwenda kwa Kabatesi kuomba radhi, jasho likimtoka kama mwizi aliyekamatwa.

Kabatesi alikubali kurudi. Sebule ilikuwa nyeupe, yenye hewa na nafasi. Kabla hajaketi, Viateur alimwonyesha ukuta.

"Ufa ilikuwa hapa, mama. Namba ya fundi ni hii. Umuulize mwenyewe."

"Kuna jambo jingine mnaloficha?"

Mukamusoni alimfinya mumewe anyamaze. Viateur alielekeza kidole jikoni. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Mvua kubwa ikikuja, maji inaingia mu jikoni."

Kabatesi alicheka kwa mara ya kwanza.

"Jiko nitalitengeneza, mzee. Kesho twende kwa noteri, tusaini mauzo."