Tundu Chini ya Mchicha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rukaiya alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kuutazama mchicha wake. Ulikuwa kwenye matuta mawili tu, kati ya ukuta wa jiko na simtanki la maji, lakini matuta hayo yalikuwa gumzo la mtaa mzima. Ilikuwa Agosti. Newala ilikuwa imekauka, vumbi limeingia mpaka kwenye mashuka, na visima vya kukingia maji ya mvua vimebaki na tope chini. Mchicha wa Rukaiya peke yake ulikuwa na majani mapana yaliyonona, kana kwamba haukupata habari za kiangazi.

Maji ya bomba katika mtaa wao yalikuja mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi. Kila nyumba iliacha koki wazi na ndoo chini yake, na koki ilipoanza kukohoa hewa, watu waliacha hata chai mezani. Walijaza simtanki, mapipa, madumu na masufuria, na mwenye mtoto mchanga alijaza hata beseni la kumwogeshea. Baada ya hapo walibana matumizi mpaka Alhamisi nyingine.

Katika hali kama hiyo, mwenye mchicha mbichi lazima aulizwe. Rukaiya alikuwa na jibu tayari.

"Naumwagilia maji ya kuoshea vyombo," alisema, "na naweka samadi ya mbuzi."

Samadi ilikuwa kweli. Aliiomba kwa jirani na kuibeba mwenyewe kwa ndoo. Ama hayo maji ya vyombo, yalikuwa machache mno, kuku wawili wangeyanywa yakaisha. Lakini watu waliamini. Mwalimu Ethel, aliyemfundisha darasa la sita, alimsifu mbele ya wenzake kwa bidii yake. Mama naye kila alipopata mgeni alimfungia fungu la mchicha na kusema, "Huo ni mkono wa mwanangu." Sifa ni tamu, hasa kwa mtu wa miaka kumi na miwili, na Rukaiya alizila pamoja na mboga.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mwezi wa sita, alipokuwa akichimba matuta siku ya Alhamisi, aliona udongo wa mahali pale umelowa ilhali pembeni ni vumbi tupu. Alifukua kidogo akaliona bomba la chuma, lile alilolifukia babu yake mzaa mama, kabla hata mama hajaolewa. Lilikuwa limeliwa na kutu na lina kitundu, na maji yalikuwa yakichuruzika taratibu. Rukaiya alikusudia kumwambia mama jioni ile ile. Kisha akafikiri kwamba fundi akija atafukua kila kitu, na mbegu za tuta la kwanza zilikuwa zimeshamwagwa. Akasema moyoni, nitasema mchicha ukichipua. Mchicha ulipochipua akasema, nitasema nikishauvuna mara moja. Akafukia bomba, akanyamaza, na miezi miwili ikapita hivyo.

Alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Twahiru, mwenye miaka minne na ukaidi wa mzee wa sabini. Mama alichemsha maji ya kunywa kila siku, lakini Twahiru akiona kiu huko uwanjani alikwenda kukinga mdomo kwenye koki ya simtanki. Mwanzoni mwa Agosti akaanza kuhara. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa akapona, kisha ikamrudia. Safari ya pili alilegea mpaka akakosa nguvu za kulia, na mama akamfunga mgongoni akamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tatu.

Siku ya kutoka, muuguzi alimpa mama pakiti za chumvichumvi za kumchanganyia mtoto nyumbani, kisha akamuuliza, "Mama Rukaiya, maji mnayotumia yanatoka wapi?"

"Ya bomba," alijibu mama. "Ila siku hizi yanaanza na rangi ya chai, na simtanki lina harufu."

"Basi mwiteni fundi akague mabomba. Mtoto huyu ni mzuri sana, lakini sitaki kumwona hapa mara ya tatu."

Ndivyo fundi Cecil alivyokuja, siku ya Jumatano. Alikuwa mtu mfupi mwenye viganja vipana, aliyejifunza kazi ya bomba katika karakana za Ndanda. Rukaiya aliporudi kutoka shule alimkuta uwanjani ameshika spana, amesimama na mama. Baba alikuwa shambani huko Mnyambe akipulizia mikorosho dawa ya salfa, kwa hiyo kazi yote ilikuwa chini ya mama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye mwenye bustani?" Fundi aliugeukia mchicha, akautazama kwa muda. "Umestawi. Unaumwagilia nini wakati huu?"

Rukaiya alimtazama mama, na mama alikuwa akitabasamu.

"Maji ya kuoshea vyombo," alisema.

"Huyu mtoto ana bidii, fundi," mama akaongeza. "Hata mwalimu wake anajua."

"Haya," alisema fundi, akautazama mchicha mara nyingine, kisha akageuka. "Sasa, Mama Rukaiya, hapa kuna uamuzi. Bomba hili la plastiki nililonalo linatosha upande mmoja. Ama tubadilishe wa mbele, kutoka kwenye mita hadi kwenye pembe ya nyumba, ama wa nyuma, kutoka kwenye pembe hadi kwenye simtanki. Kwenye pembe pale naona kutu imetoka nje. Nitaanza na mbele. Maji yanakuja kesho, kwa hiyo lazima tumalize leo. Tukikosea mahali, simtanki litajaa tena uchafu ule ule, na tutangoja wiki nyingine."

Mama alikubali. Fundi akapiga jembe mbele ya nyumba, na Rukaiya akaingia ndani.

Twahiru alikuwa amelala mkekani. Shavu lake, ambalo zamani lilikuwa la kufinywa na kila mgeni, lilikuwa limenywea. Alifungua macho akasema, "Dada, maji." Rukaiya alimnywesha yale ya chumvichumvi kwa kijiko, na mtoto akalala tena bila hata kubishana. Hilo la kutobishana ndilo lililomwogopesha Rukaiya kuliko yote.

Mama akamwagiza ampelekee fundi kikombe cha uji. Mtaro ulikuwa umeshafika magotini mwa fundi, mrefu kama mita tatu. Bomba lililofukuliwa lilikuwa jekundu kwa kutu ya juu, lakini lilikuwa zima.

"Fundi," aliuliza Rukaiya, "bomba likivuja, si maji yanatoka nje tu? Uchafu unaingiaje ndani?"

Fundi alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akapokea uji. "Umeuliza vizuri. Maji yakiwepo, yana nguvu, yanatoka nje. Lakini hapa kwetu yanakuja siku moja na kukatika siku sita. Yakikatika, yale yaliyobaki ndani yanateremka, bomba linakuwa tupu na linavuta. Linavuta kilicho karibu na tundu. Kama ni udongo, unaingia udongo. Kama kuna choo au samadi, ndiyo itakayoingia. Alhamisi maji yanasukuma vyote hivyo mpaka kwenye simtanki."

Rukaiya alisimama na sinia mkononi. Samadi. Alikuwa ameiweka kwa mikono yake, ndoo baada ya ndoo, juu ya kile kitundu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa matuta mawili.

Alitamani fundi aligundue tundu mwenyewe. Lakini fundi alikuwa akichimba upande wa mbele, na jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Alimfikiria Twahiru akikinga mdomo kwenye koki wiki ijayo, na muuguzi aliyesema hataki kumwona mara ya tatu. Akaweka sinia chini, akaenda jikoni.

"Mama," alisema, akasimama mlangoni. "Mama, bomba limetoboka nyuma. Chini ya mchicha. Nililiona tangu mwezi wa sita. Mchicha unanyweshwa na bomba, si na mimi."

Mama alikuwa akichambua mbaazi. Mikono yake ilisimama. Hakupiga kelele, na Rukaiya angependa zaidi apige.

"Na samadi umeiweka hapo hapo?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mama."

Mama alitazama mlango wa chumba alimolala Twahiru. Kisha akaondoa ungo mapajani, akachukua jembe lililoegeshwa ukutani na kumpa.

"Twende ukamwonyeshe fundi. Utaung'oa mwenyewe."

Fundi Cecil alisikiliza, akafuta mikono kwenye suruali. "Mchicha ule ulinitia shaka," alisema, "ila nilimwamini mwenyewe." Maneno hayo yalimchoma Rukaiya kuliko makofi.

Akaung'oa mchicha wote, mashina kwa mizizi, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Aliiondoa samadi, akachimba pamoja na fundi mpaka bomba likaonekana. Kile kitundu cha mwezi wa sita sasa kilikuwa kikubwa kiasi cha kupitisha punje ya hindi, na tope lililokizunguka lilikuwa jeusi na linanuka. Fundi alikata kipande kwa msumeno wa chuma na kumwonyesha ndani. Kutu ilikuwa imejaa mpaka ikabaki njia nyembamba ya kupitisha penseli.

"Babu yako alifanya kazi safi," alisema. "Bomba hili limewahudumia miaka mingi. Lakini chuma nacho kinazeeka. Lete ile tepu nyeupe."

Wakafanya kazi. Mama alichimba, Rukaiya akazoa udongo, fundi akatandaza bomba jipya jeusi, akazungushia tepu kwenye nyuzi za kila kiungio na kukaza kwa spana. Walilipitisha mbali na jiko na kulifukia kwa kina. Kisha wakamwaga maji yote ya simtanki, Rukaiya akaingia ndani na kulisugua kwa brashi na sabuni, na mama akalisuuza kwa dawa ya maji. Walipomaliza, jua lilikuwa likizama na mikono ya Rukaiya ilikuwa na malengelenge matatu.

Alhamisi asubuhi koki ya uwanjani ilikohoa. Fundi Cecil alikuwa amewaagiza wasifungulie simtanki mpaka bomba lijisafishe, kwa hiyo mama na Rukaiya walisimama wakitazama. Ilitoka hewa, kisha maji ya rangi ya chai. Yakaendelea kutoka. Rangi ikapungua, ikapungua tena. Mama alikinga bilauri, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa. Maji yalikuwa meupe na hayakuwa na harufu yoyote.

"Alhamdulillahi," alisema mama kwa sauti ndogo, akafungulia simtanki.

Rukaiya alihisi kifua chake kimefunguka. Alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuona aibu. Mchana ule Twahiru aliomba uji, akamaliza, akaomba mwingine, kisha akakataa kunywa dawa kwa ubishi wake wa zamani. Nyumba nzima ilifurahia ubishi ule.

Jioni, walipokaa kula, mama ndiye aliyeanza.

"Rukaiya, tundu lile hukulitoboa wewe. Kutu hula chuma cha kila mtu, na sikulaumu kwa hilo. Kosa lako ni kuliona ukanyamaza kwa sababu lilikuwa linakufaa. Jambo baya linapotuumiza, kila mtu hulisema haraka. Kazi iko pale linapotunufaisha, maana hapo mtu hujipa kesho na kesho, na anayeumia ni mwingine. Safari hii aliumia mdogo wako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na kuna jambo moja nataka ulijue." Mama alimsogezea bakuli la mbaazi. "Jana hakuna aliyekukamata. Fundi angechimba mbele, angeondoka, na usingejulikana kamwe. Ulikuja mwenyewe. Ulichelewa, lakini ulikuja, na ndiyo maana leo tuna maji safi. Siku nyingine njoo mapema."

Rukaiya aliinamisha kichwa, akamega ugali. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula mpaka kushiba tangu Twahiru alazwe.